Wanaume Wasiokimbia Mvua

Ajenti Kamongo hajawahi kupigwa.

Weka hiyo kwa wino mzito. Miaka tisa katika idara, nchi kumi na moja, na hakuna binadamu aliyewahi kumgusa uso. Wengi wamejaribu. Wengine mpaka leo wanakunywa uji kwa mrija.

Ngumi ilimpata saa nne na dakika kumi asubuhi.

Ilitoka nyuma ya magunia, ikatua kwenye taya, na Kamongo akaenda chini kama mlango uliong'olewa bawaba.

Sawa. Tuseme alipigwa mara moja. Tuendelee.

Alikuwa ndani ya ghala la unga wa samaki, mji wa Caleta Seca, pwani ya Pasifiki, upande ule mwingine kabisa wa dunia. Alikuwa amefika jana yake kwa basi, akijifanya mnunuzi wa chakula cha kuku kutoka Kisumu. Mji wenyewe ulikuwa na barabara moja, kanisa la mabati, gati lililoliwa na chumvi, na mchanga ulioanzia milimani ukashuka mpaka baharini bila kukutana na jani moja. Nyumba hazikuwa na mifereji ya paa. Nguo zilikuwa kwenye kamba mchana na usiku, hakuna aliyezihangaikia. Asubuhi ukungu ulipotanda, Kamongo alimuuliza mama wa hoteli kama angeweza kuazima mwavuli.

Yule mama alicheka mpaka akashika meza.

"Mvua? Bwana, mara ya mwisho nilikuwa na meno ya utoto."

Kumbuka hilo. Litawaua watu baadaye.

Turudi ghalani. Aliyepiga ile ngumi alikuwa jitu lenye aproni ya mpira na mikono kama makasia. Mkononi alikuwa na ndoano ya kubebea magunia. Aliishusha. Kamongo alibingirika. Ndoano ikapasua gunia, na unga wa samaki ukamwagika juu yao wote wawili.

Kamongo akapiga teke.

Goti la jitu likageuka upande ambao magoti hayageuki.

Wa pili alikuja na kisu. Huyo alikuwa mwepesi. Alimchana Kamongo mkono wa kushoto, lakini hiyo haihesabiki, mkono si uso. Kamongo akaokota sepetu. Alimpiga mara ya kwanza kwenye kifundo cha mkono, kisu kikaruka. Mara ya pili kwenye mbavu. Mara ya tatu hakukuwa na haja, lakini alikuwa amekasirika kwa sababu ya shati.

Kimya.

Aliingia ofisini. Aliyekuwa anamtafuta, mlanguzi wa silaha aitwaye Vergara, hakuwepo. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa kimekauka tangu siku nyingi. Juu ya meza kulikuwa na hati moja ya mzigo. Kamongo aliisoma mara mbili, akameza damu, akatoa simu ya setelaiti.

Mkuu wake ni Bi. Nangila, mwanamke anayeendesha idara nzima kutoka chumba kimoja juu ya duka la rangi mjini Kisumu. Jina lake hewani ni Mbuta.

"Kamongo kwa Mbuta."

"Sema."

"Vergara ameondoka. Mzigo pia. Ulisafirishwa ndani ya unga wa samaki, wiki sita zilizopita."

"Kiasi?"

"Kilo themanini za vilipuzi. Rimoti moja."

"Mzigo unaenda wapi?"

"Usenge."

Upande wa pili, ramani ya Ziwa Victoria ilisikika ikikunjuliwa.

"Usenge gani?"

"Madam, kwani kuna Usenge ngapi?"

"Usinichezee, Kamongo. Hapa nina ujumbe tulionasa. Wanalenga gati la mafuta la Kisumu, Ijumaa jioni, meli ikiwa imejaa. Moto huo utakula mabati ya mtaa wa Obunga kama karatasi."

"Sasa kwa nini wapitie Usenge?"

Alijijibu mwenyewe kabla ya mkuu wake. Kwa sababu mashua ya omena, wale dagaa wa ziwani, hakuna anayeipekua. Ofisa akinusa tu, anakupungia mkono upite.

"Kuja nyumbani," alisema Nangila.

Ijumaa, saa saba mchana. Ufuo wa Usenge.

Kamongo alishuka kutoka kwenye Land Cruiser. Kiunoni, Glock 17. Sikioni, kidude cha mawasiliano kidogo kama punje ya maharagwe. Usoni, miwani nyeusi ya Ray-Ban. Jua lilikuwa kali, na mbele yake ufuo wote uling'aa: omena, omena, omena, imetandazwa juu ya nyavu kuukuu tangu majini mpaka kwenye vibanda. Wanawake kama mia tatu walikuwa wameinama wakiigeuza kwa mafagio.

Vilipuzi vilikuwa chini ya mojawapo ya nyavu hizo, vikisubiri mashua ya saa tisa.

Ipi?

"Mbuta kwa Kamongo. Umewaona watu wa Vergara?"

"Naona samaki."

"Sikiliza vizuri. Vergara ana rimoti. Akishtuka, anabonyeza hapo hapo. Usipige risasi kabla hujajua iko mkono wa nani."

"Kuna akina mama mia tatu hapa, Madam."

"Ndiyo maana nimesema usikilize."

Alitembea katikati ya nyavu. Alipita karibu na mama mmoja anaitwa Dorca, mnene kidogo, leso ya manjano, mdomo usiopumzika. Dorca alimwangalia kuanzia viatu mpaka miwani.

"Wewe na viatu ya harusi! Usinikanyagie omena!"

"Samahani, Mama."

"Samahani haikaushi samaki. Zunguka huko."

Alizunguka. Saa nane kasorobo. Saa nane. Wafanyabiashara wa samaki walikuwa wengi, wageni pia walikuwa wengi, na kila neti ilifanana na jirani yake. Jasho lilimtoka Kamongo, na hakuwa mtu wa kutokwa jasho.

Kisha upepo ukageuka.

Juu ya ziwa wingu lilisimama, zito, jeusi kama sufuria ya msibani. Sauti ya mwanamke ilipasua ufuo.

"Koth biro! Mvua inakuja!"

Kama hujawahi kuona Usenge ikikimbizwa na mvua, hujaona kitu. Omena ikinyeshewa imeoza, basi, na kazi ya siku tatu inakuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo hakuna anayeuliza. Mgonjwa anaamka. Aliyekuwa ananyoa kichwa anakuja na nusu ya nywele. Ukimaliza neti yako unaruka kwa ya jirani, hata kama hamjasalimiana tangu Krismasi. Neti zikakunjwa, makarai yakajaa, maturubai yakapigwa juu ya magunia, na ufuo mzima ukawa miguu na kelele.

Isipokuwa mahali pamoja.

Karibu na mashua moja ya bluu yenye injini ya Yamaha, wanaume wanne wenye gambuti mpya walisimama kando ya neti zao tatu. Hawakuinama. Hawakukunja. Omena yao ilianza kulowa mbele ya macho yao, na wao walikuwa wanaangalia juu. Mmoja alinyoosha kiganja, tone likaanguka ndani yake.

Akatabasamu.

Nyumba zisizo na mifereji. Nguo kwenye kamba usiku kucha. Mara ya mwisho nilikuwa na meno ya utoto.

Kamongo aliona mara moja, peke yake, kwa jicho la tai.

"Kamongo kwa Mbuta. Nimewapata."

"Rimoti?"

"Bado."

Alienda. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, kama mtu amepindua pipa. Wa kwanza aligeuka akakuta kipini cha Glock kikija kwenye meno yake. Meno matatu yalibaki Usenge. Wa pili alichomoa bastola kutoka kwenye gambuti. Kamongo alishika mkono, akaukunja, na bastola ikalia ndani ya tumbo la mwenyewe. Yule mtu alikaa chini polepole juu ya omena, akiangalia tumbo lake kama mtu aliyemwagikiwa na chai.

Wa tatu alikuja na kasia.

Kasia lilimgusa Kamongo mbavuni. Lilimgusa tu. Glock ikaruka kwenye matope, na wote wawili wakaanguka majini kando ya mashua. Maji yalifika kiunoni. Yule mtu alikuwa na shingo ya fahali na vidole vya chuma, akamkandamiza Kamongo kichwa chini, na Kamongo akaona chini ya ziwa, mchanga, kandambili ya mtu, mapovu yake mwenyewe. Alipapasa. Akapata kamba. Mwisho wa kamba palikuwa na jiwe la nanga.

Jiwe likapanda.

Fuvu halikutaka kubishana na jiwe. Maji yakawa mekundu, kisha ya chai, kisha ya kawaida.

Kamongo aliibuka, akavuta pumzi, akaona.

Wa nne alikuwa mzee mwenye kofia ya nyasi. Vergara. Alikuwa amerudi nyuma hatua arobaini, katikati ya wanawake waliokuwa bado wanakimbia na makarai. Mkononi alikuwa na kitu cheusi chenye taa nyekundu. Alikuwa amekiinua juu. Hakujali tena gati la Kisumu. Alitaka tu kumaliza.

Kidole gumba kikashuka.

Sasa angalia kazi ya mtaalamu. Kamongo aliruka kutoka majini. Akaokota Glock kwenye matope. Akapiga goti. Hatua arobaini, mvua, wanawake kulia na kushoto, na pumzi haijarudi.

Risasi moja.

Rimoti ikapasuka. Vidole viwili vya Vergara vikaenda nayo. Mzee aliangalia mahali vilipokuwa, akaangalia tena, kisha akaanza kupiga mayowe.

"Mbuta kwa Kamongo. Hali?"

"Mvua tu, Madam."

"Umeumia?"

"Mimi?"

Magari ya idara yalikuwa yanateremka kwenye ufuo. Kamongo hakusubiri shukrani. Alipangusa Ray-Ban yake, akaivaa, akapita katikati ya wanawake wale mia tatu waliokuwa hai, akaondoka bila kugeuka.

Nilikuwa nimeweka nukta hapo, na nukta ilinipendeza, wakati sauti ilitoka nyuma ya bega langu.

"Miwani gani?"

Nilifunga kompyuta. Nilichelewa. Mama yangu amekuja kwangu Kaloleni, hapa Kisumu, tangu Jumanne kuniuguza, na anasoma haraka kuliko anavyotembea.

"Fungua hiyo kitu, Opiyo."

"Mama, ni hadithi tu. Ya kubuni."

"Fungua."

Nilifungua. Alivuta kiti, akavaa miwani yake ya kusomea, akapandisha juu mpaka mwanzo, kidole kikitembea kwenye kioo.

"Huyu Kamongo ni nani?"

"Ni mtu tu."

"Ni mtu ambaye alikuwa ananidanganya anauza bima miaka tisa." Alisoma kidogo. "Na hapa. Dorca. 'Mnene kidogo.' Yawa! Mnene?"

"Nilisema kidogo."

"'Aliona mara moja, peke yake, kwa jicho la tai.' Opiyo, nyathina, mwanangu, nani alipiga kelele siku hiyo? Nani alisema, hawa ni watu gani wanaacha omena inyeshewe, hawana mama? Wewe ulikuwa umesimama hapo unaongea na sikio yako. Mimi ndio nilikushika shati nikakuonyesha."

"Ulisaidia kidogo, ndiyo."

"Jiwe ya nanga?"

Nilivuta kompyuta upande wangu, akairudisha.

"Hiyo jiwe ilikuwa ya Akinyi, jirani yangu wa neti. Akinyi aliacha neti yake, na mvua inanyesha, aje akutolee huyo mtu kwa kichwa na hiyo jiwe. Wewe ulikuwa chini ya maji. Ukitoka juu unaita 'Mama!' Ukirudi chini. Ukitoka tena, 'Mama!' Ufuo yote ilisikia. Mpaka saa hii watoto wa pale wakicheza kwa maji ndio wanaita hivyo."

"Mama, mbavu nne zilikuwa zimevunjika."

"Hapa umeandika kasia iligusa tu."

Alisonga mbele. Alifika kwenye risasi. Alisoma polepole, midomo ikitingika, kisha akavua miwani akaniangalia. Hakuwa anacheka tena.

"Mimi nilikuwa hatua mbili na huyo mzee," alisema. "Niliona hiyo taa nyekundu. Sikujua ni bomu, nilijua tu umeangalia hiyo kitu namna uliangalia jeneza ya baba yako. Karai yangu ilikuwa imejaa, omena ya siku tatu. Nilimpiga nayo kwa mkono, na ile ukingo. Nilisikia mfupa. Nikampiga tena, nikampiga tena, mpaka wenzako wakanishika." Alipangusa miwani yake kwa pindo la gauni. "Omena yote ilimwagika. Na hakuna risasi nilisikia."

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya bodaboda. Nilijaribu kuinua kikombe cha chai nipate cha kufanya, mbavu zikakataa, akanisogezea.

"Ningeiandika hivyo," nilisema, "nani angesoma? Ajenti ameokolewa na mama yake."

"Na huko juu kabisa. 'Hajawahi kupigwa.' Wewe? Mimi mwenyewe nimekupiga mara ngapi?"

Aliinuka, akaenda kwenye kikapu chake, akafungua fundo la leso ya manjano. Alichotoa alikiweka juu ya meza mbele yangu. Kilikuwa na matope makavu na gamba moja la samaki. Mkono mmoja ulikuwa umekatika. Kioo cheusi kimebaki kimoja.

"Niliokota chini ya machela, wakati wanakubeba," alisema. "Haya, vaa. Uondoke bila kugeuka, tuone."