Geuza Redio, Mimi Niache

"Hebu rudia hapo," alisema mwalimu mwenye miwani. "Mama yako alikwambia nini?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ndefu. Upande wa pili walikaa walimu wa chuo, na katikati yao yule mwanamke mwenye miwani, mkuu wa chuo. Nje, waombaji wa shahada ya uuguzi walikuwa wamejaa korido nzima mpaka kwenye ngazi. Nafasi zilikuwa chache mno, na wengine pale walikuwa wanajaribu mwaka baada ya mwaka.

"Alisema, 'Leo geuza redio, mimi niache,'" nikajibu.

"Eleza."

"Alilala kitandani muda mrefu, mwalimu. Madonda yalikuwa yameanza, ikabidi niwe namgeuza, ubavu huu kisha ubavu huu. Redio yake ilikaa kwenye stuli karibu na dirisha. Nikimgeuzia ukutani anaipa mgongo, na hilo alikuwa halipendi hata kidogo. Alfajiri ile nikamshika bega nimgeuze, akasema, 'Leo geuza redio, mimi niache.' Nikacheka. Nikaihamishia redio upande wake. Taarifa ya habari haijaisha, alikuwa ameshaondoka."

Sikusikia pole. Walimu walitazamana. Mmoja akaweka kalamu chini.

"Binti," mkuu wa chuo akasema taratibu, "maneno hayo tumeyasikia leo asubuhi."

"Kwa nani?"

"Kwa mwombaji mwingine. Redio, stuli, dirisha, vyote. Alilia hapo hapo ulipokaa. Wewe hata chozi hulitoi."

"Mwalimu, huyo ni mama yangu mimi."

"Na yeye alisema ni wake. Hapa tunatafuta wauguzi, hatutafuti waigizaji. Asante, unaweza kwenda."

Nilisimama. Miguu ilinitoa nje yenyewe.

Maneno yale nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu. Fundi. Mpenzi wangu, aliyekuwa anatengeneza simu na redio kwenye kibanda chake karibu na kituo cha mafuta. Redio ya mama ilinyamaza wiki ile ile ya msiba, nikampelekea. Nikakaa kwenye benchi lake nikamsimulia kila kitu, na yeye akanishika mkono akasema, "Hayo maneno yatunze. Ukiulizwa kwenye usaili kwa nini unataka uuguzi, sema hayo hayo."

Nikampigia pale pale getini.

"Sista wangu!" Ndivyo alivyoniita tangu nilipoanza kumwuguza mama. "Vipi, umewamaliza?"

"Fundi, maneno ya mama ulimwambia nani?"

Nilisikia feni ya kibandani ikikwaruza.

"Maneno gani tena?"

"Unayajua."

Nyuma yake sauti ya kike ikadakia, "Mpenzi, ile soda yangu umeiweka wapi?"

Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Kipusa. Tulikaa dawati moja sekondari, na maombi ya chuo tuliyatuma siku moja.

"Huyo ni Kipusa?"

"Ameleta simu yake, ina matatizo."

"Na hiyo simu ndiyo inayokuita mpenzi?"

"Usianze bwana. Sikiliza." Alishusha sauti. "Alikuwa hana la kusema kwenye usaili. Anatetemeka, anatia huruma. Nikamsaidia kidogo. Ni maneno tu, Sista. Wewe si unayo mengine mengi?"

Nikakata. Ujumbe ukaingia nikiwa bado nimeishika simu:

"Usikasirike mpenzi. Wewe una akili, utapita tu. Mwenzako alihitaji kusukumwa."

Mama yangu alikuwa na maneno mengi, ni kweli. Lakini ya mwisho yalikuwa hayo tu, na sasa yalikuwa yamelowanishwa na chozi la mtu mwingine.

* * *

Majina yalipobandikwa ubaoni, Shangazi ndiye aliyekwenda kuangalia. Alirudi na uso umemvimba kwa hasira.

"Kipusa yupo. Wewe hata kwenye akiba haupo."

"Nilijua."

"Ulijua, halafu umekaa unachambua mchele! Mimi ningekuwa wewe, saa hizi vioo vya kile kibanda viko chini."

"Atanunua vingine."

"Kwa hiyo umewasamehe?"

"Nani, mimi?" Nikaweka ungo pembeni. "Shangazi, nataka kushona gauni."

"Gauni la nini mtu uliyekosa chuo?"

"La sherehe yao ya sare."

Shangazi alinitazama, kisha akaketi polepole. "Haya," akasema. "Lishonwe lenye mfuko, uweke na leso ya kumpa Kipusa."

Fundi wa nguo niliyemfuata alikuwa mama yake Kipusa. Mtaa mzima unamwita Mama Cherehani. Nilimkuta ameinama juu ya kitambaa cheupe, sindano zimemjaa mdomoni.

"Wewe si ulisoma na mwanangu?" akasema akizitoa moja moja. "Jamani, pole na msiba, mama. Nilitaka kuja kuwapa mkono, mwanangu akaniambia mmeshatawanyika."

"Ahsante, mama."

"Unaona hii? Ndiyo sare yake. Wenzake wamenunua, mimi nikasema mwanangu avae cha mkono wangu. Hii kola nimeifumua mpaka uzi umenichoka!" Akacheka, akanizungushia futi kiunoni. "Umekonda. Kula."

"Siku ya sherehe utapendeza, mama."

"Aa, mimi siendi. Kaniambia wazazi hawaruhusiwi, ukumbi mdogo."

"Wazazi ndio wanaowavalisha beji, mama. Kila mtoto na mzazi wake."

Futi ikasimama mgongoni kwangu.

"Wanawavalisha?"

"Ndiyo."

Akarudi kwenye kiti chake, akakilainisha kile kitambaa kwa kiganja, hapa na pale, kama kinaumwa.

"Labda ananionea haya," akasema. "Mimi kiingereza sina."

Nilimwonea huruma. Lakini sikurudi nyuma.

"Nitakupitia twende wote," nikamwambia. "Umfanyie mshangao."

* * *

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanafunzi wapya walikaa mbele, weupe mtupu, wazazi nyuma yao. Fundi nilimwona karibu na jukwaa, simu ameinua juu anarekodi, pembeni yake dada yake mkubwa amejitanda khanga mpya. Sisi tulikaa safu ya mwisho. Mama Cherehani alikuwa amevaa gauni lake zuri kuliko yote, na mkoba ameukumbatia.

Mkuu wa chuo akashika kipaza sauti.

"Kabla hatujaanza, nataka niwaambie jambo. Kati ya vijana hawa yupo mmoja aliyemwuguza mama yake mwenyewe mpaka pumzi ya mwisho. Mama huyo, alfajiri anakata roho, alimwambia mwanawe, 'Leo geuza redio, mimi niache.' Nimefundisha uuguzi miaka mingi. Maneno hayo hayajanitoka. Naomba tusimame, tumkumbuke mama huyo."

Ukumbi mzima ukasimama. Mama Cherehani naye akasimama, kichwa ameinamisha, mkono kifuani.

"Maskini," akaninong'oneza. "Nani huyo kafiwa?"

"Subiri, mama."

"Mungu amlaze mahali pema."

Nilisimama pale namkumbuka mama yangu. Watu wote wale walikuwa wamemsimamia yeye, na hakuna aliyejua.

"Tukae," mkuu wa chuo akasema. "Binti, njoo mbele."

Kipusa akainuka, leso tayari mkononi.

"Eh!" Mama Cherehani akanishika goti. "Si huyu wangu?"

"Ndiye."

"Anaitwa afanye nini?"

"Kwa kuwa mama yake ametangulia mbele ya haki," sauti ikaendelea jukwaani, "atavalishwa beji na shangazi yake."

Dada yake Fundi akaanza kupanda ngazi.

"Shangazi gani?" Mama Cherehani alisema kwa sauti iliyofika mpaka mbele. "Baba yake hana dada!"

Vichwa vikageuka. Kipusa alituona. Leso ikamdondoka.

Mama Cherehani alikuwa ameshasimama. "Samahani, mwalimu. Mimi sikusoma, pengine sikuelewa. Huyo mama tuliyemsimamia sasa hivi ni mama wa nani?"

"Ni mama mzazi wa huyu binti."

"Basi huyo marehemu ni mimi."

Kuna mtu alicheka, akajiziba mdomo. Dada yake Fundi alishuka ngazi kinyumenyume.

"Mama," Kipusa akaita, sauti nyembamba kama uzi. "Mama, twende nje tuongee."

"Nikaongee nini? Mimi si nimekufa? Hiyo sare uliyovaa nani kashona, mzimu?"

"Mama, tafadhali..."

"Na redio je?" mkuu wa chuo akamwuliza yule mama.

"Redio gani? Mimi nina cherehani, na kelele zake zinanitosha!"

Mkuu wa chuo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Macho yake yalipita safu kwa safu mpaka yakanifikia.

"Wewe. Wewe ulikuja kwenye usaili mchana."

"Ndiyo, mwalimu."

"Redio ya mama yako iko wapi?"

"Kwa fundi. Yule pale mwenye simu juu." Watu wakamgeukia. Simu ikashuka. "Nilimpelekea redio ya mama na maneno ya mama siku moja. Redio mpaka leo hajaitengeneza. Maneno ameshamgawia mpenzi wake."

"Sista, subiri nieleze..." Fundi akaanza.

"Eleza," nikasema. "Kipaza sauti kile pale."

Hakusogea. Kipusa alikaa chini pale pale jukwaani na kulia, kamasi zinamtiririka juu ya ile kola. Chozi lake la usaili sikubahatika kuliona. Hili nililiangalia lote mpaka mwisho.

* * *

Mama Cherehani alinikuta getini. Hakuwa akilia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaniacha niingie mle, nisimame na watu kujiombea mimi mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ungeniambia nyumbani ningemchapa, yangeisha."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye pindo alilolishona yeye.

"Gauni limekukaa," akasema. "Usilete nguo nyingine kwangu."

Akaondoka na mkoba wake. Hilo nimelibeba, na sijalitua.

Kipusa alifutwa. Mimi nikaitwa upya. Meza ile ile, kiti kile kile.

"Tuambie kuhusu mama yako," mkuu wa chuo akasema, safari hii kwa upole.

"Nilishawaambia, mwalimu. Leo niulizeni mengine."

Nilidhani nimejiharibia. Akaguna, akamwangalia mwenzake mnene wa pembeni. "Mwalimu, lala hapo mezani. Binti, huyu ana donda kwenye nyonga ya kulia. Mgeuze."

Nilimgeuza. Nikamwekea koti lake katikati ya magoti ili mifupa isisagane, nikamwuliza kama anaona dirisha.

"Kwa nini umemwuliza hilo?" mkuu wa chuo akasema.

"Atakaa hivyo muda mrefu. Lazima awe na cha kutazama."

Wiki iliyofuata jina langu lilikuwa ubaoni. Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka na ndoo wakidhani kuna moto.

* * *

Jioni moja, sare yangu ikiwa imetundikwa ukutani, Shangazi alichungulia chumbani.

"Una mgeni. Maji ya vyombo nimmwagie mimi au utammwagia mwenyewe?"

Fundi alikuwa amesimama nje ya dirisha la chumba cha mama, ambamo sasa nalala mimi, redio ya mama mikononi, ameifunga kwa kitambaa.

"Nimeitengeneza," akasema. "Inaongea vizuri kuliko zamani. Sitaki hata shukrani."

"Vizuri. Kwa sababu hakuna."

"Na Kipusa tumeachana."

"Pole."

"Kibandani watu hawaji, Sista. Wananiita mwizi wa misiba. Mtoto mdogo kabisa, ananiambia, 'Mjomba, bibi yangu mgonjwa, usimsogelee.'"

Nilitaka kucheka. Nikajizuia.

"Mimi nakupenda wewe," akaendelea. "Siku zote ni wewe. Lile lilikuwa kosa moja tu. Unajua nilivyokuwa nakuja kumwona mama. Hata yeye alinipenda."

"Alikupenda," nikasema. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma. "Nipe redio."

Akanipitishia dirishani. Vidole vyake vikang'ang'ania kidogo, kisha vikaachia.

"Niambie neno basi. Lolote. Hata tusi."

Nikaiweka juu ya stuli yake, pale pale ilipokuwa. Nikaiwasha. Taarifa ya habari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

"Sista. Mpenzi. Unanisikia? Usiponijibu sitaondoka hapa. Nisikilize..."

Nikapandisha sauti. Nikaigeuza redio ielekee kitandani kwa mama, na Fundi nikamwacha.