Sauti ya Matuta ya Chini

Usinicheke kabla sijamaliza. Haya yalimpata bibi yangu mzaa mama, Cornelia, mwaka uliofuata Operesheni Vijiji, na aliyenisimulia ni mama yangu mwenyewe, Stefania, ambaye si mtu wa porojo.

Walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kipya chini ya milima, pale Ufipa inapoteremkia Bonde la Rukwa. Watu waliozoea mahindi na ulezi wakafundishwa kulima binzari na tangawizi. Mama anasema hewa yote ilinukia mchuzi, hata kanisani. Lori la Muhidin, mnunuzi wa mazao, likija kutoka Sumbawanga kuchukua mzigo, watoto walilikimbilia huku wakipiga chafya.

Kila asubuhi, kwenye shamba la kijiji, msimamizi wao Marselino aliita majina kwa kichwa tu. Ukiitwa unaitika "Nipo!", unaonyeshwa tuta lako. Basi asubuhi moja ya ukungu, kwa mazoea tu, akaita, "Modesti!"

Modesti ni babu yangu. Walikuwa wamemzika mwezi uliopita.

"Nipo!"

Sauti ilitoka matuta ya chini, ndani ya ukungu. Hakuna aliyecheka. Jioni tuta moja la kule lilikutwa limepaliliwa, safi kabisa, na hakuna aliyekuwa amepangiwa.

Kesho yake Marselino akaliruka jina hilo. Alipomaliza tu, sauti ikauliza taratibu, "Na mimi je?"

Weee! Watu walitupa majembe. Lakini bibi, masikini, alikaa chini akalia kwa furaha. Aliijua sauti ya mumewe. Akamshika Marselino mkono na kumnong'oneza, "Mwite tu, shemeji. Kuna ubaya gani?"

Mama akifika hapa huwa anakasirika. "Ubaya gani! Mtu umeshamzika!" Ila Marselino alimwonea huruma mjane. Akawa anaita, na sauti inaitika. Kila asubuhi ilitokea karibu zaidi kidogo.

Bibi alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, huyo mama yangu. Wawili walishazikwa kule juu. Hakuthubutu kumwacha nyumbani peke yake. Alikwenda naye shambani, kamshika mkono. Siku moja ukungu ulikuwa mzito, humwoni hata jirani yako. Marselino akaita, "Modesti!"

"Nipo," sauti ikajibu. "Na Stefania yupo."

Bibi akatazama mkono wake. Ulikuwa mtupu.

Hakupiga kelele. Aliteremka mbio. Mama anakumbuka kiganja kikubwa, baridi, kimemshika. Hakuogopa, maana yule alikuwa baba yake. Halafu akasikia mama yake amefika, anahema.

"Baba Stefania, mwachie mtoto."

"Peke yangu siwezi."

Umande unadondoka majanini.

"Basi niite mimi," bibi akanong'ona.

Mama alilisikia jina likitamkwa polepole, kama mtu anavyomwita mkewe aje kula. "Cornelia."

"Nipo."

Kile kiganja kikamwachia. Mtoto akapanda peke yake kutoka kwenye ukungu. Jua lilipotoka wanaume walishuka na mapanga. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na nyayo, hata za bibi. Matuta mawili yalikuwa yamepaliliwa.

Shamba lile liliachwa, likawa pori. Mwaka juzi mama, sasa mtu mzima mwenye wajukuu, aliniomba nimpeleke kutoka Chanji, hapa Sumbawanga, tunakoishi. Tulipofika hakukubali tuingie. Alisimama barabarani na khanga yake, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama." Tukasubiri. Upepo tu. Nikamwambia twende zetu, giza lisitukute njiani.

Nyumbani alifungua pindo la khanga atoe ufunguo. Pamoja na ufunguo mlikuwa na kidole cha binzari mbichi, udongo wake bado umelowa. Nilikuwa naye muda wote, na hakuna aliyemsogelea. Nikataka kukitupa. Mama akanipiga mkono, akakaa mlangoni, akakibana kifuani na kulia, "Mama yangu jamani, mama yangu!"

Kiko kabatini mwake, kwenye bakuli. Huu ni mwaka wa pili na hakijanyauka, na ule udongo haujakauka.