Aliyegonga Wakati wa Mawe

Masika ya mwaka huu wa 1947, jioni moja, mke wangu Anastasia alinituma mafuta ya taa dukani kwa Taiyeb, Temeke. Nilimwacha kitandani akimnyonyesha mwanetu Albano, wa miezi minane.

Nikiwa njiani kurudi, wingu liliibuka upande wa Pugu. Halikuwa jeusi. Lilikuwa la kijani, kama jipu lililoiva. Ndege wakanyamaza. Hewa ikanuka chuma...

Kisha upepo ukaanza kung'oa minazi.

Jiwe la kwanza la barafu lilinipasua kichwa. Nikakimbilia kwa Bi Tunu, mjane anayeuza vitumbua. Akanivuta ndani, akakomea mlango. Paa lake la madebe lilipigwa mawe hata tusisikiane.

Lakini mlango ulipogongwa, tulisikia.

Ko. Ko. Ko.

"Baba Albano... fungua. Mtoto kaumia."

Sauti ya Anastasia! Nikalirukia komeo. Bi Tunu akanikamata kiunoni.

"Usifungue, mwanangu," akaninong'oneza.

"Ni mke wangu, mama! Niachie!"

"Katoka huko kote mbio, kwenye mawe haya... mbona hahemi?"

Nikasikiliza. Kweli, hahemi. Wala mtoto halii.

Nikaondoa mkono kwenye komeo, nikijiona muuaji.

Mawe yalipokoma nilikimbia nyumbani, barafu ikivunjika chini ya nyayo. Nusu ya paa letu ilikuwa imeng'oka. Anastasia alikuwa kitandani, mzima, mtoto kampakata. Nikaangua kilio.

"Unalia nini?" akashangaa. "Si umetoka hapa sasa hivi?"

Nikamwambia ndiyo kwanza nafika.

"Uligonga, nikakufungulia. Ukampakata Albano mpaka mawe yakaisha. Nikashangaa, nguo zako kavu..."

"Nilisema nini?"

Akanikodolea macho. Nadhani hapo ndipo alipoelewa.

"Ulisema utarudi kumchukua akianza kutembea."

Nilirudi kwa Bi Tunu kumuuliza yule ni nani. Alisema tu kwamba masika moja, zamani, mumewe alifungua mlango, na wao pia walikuwa na mtoto.

Tumehamia Kunduchi. Albano tunambeba kwa zamu, hatumweki chini.

Jana aliniponyoka mikononi, akasimama dede.

Anastasia akamkalisha.

Akasimama tena.