Gego la Chepchirchir

Chepchirchir alichuma pareto katika shamba moja karibu na Molo. Mume wake, Kosgei, alitengeneza mikokoteni katika karakana ya shamba hilohilo. Ilikuwa mwaka wa 1956, na viazi vilikuwa vimezaa vizuri. Kila jioni walikula viazi kwa maziwa ya mala, yaliyoganda.

Jioni moja Chepchirchir hakugusa chakula. Alishika shavu la kushoto.

"Ni lile gego?" Kosgei aliuliza.

"Ni lile. Siku tatu sijalala vizuri."

Kosgei alitoka, akarudi na koleo la kukatia waya. Alilipangusa kwa suruali yake.

"Kaa hapa mlangoni penye mwanga, Mama Zeddy. Nitavuta mara moja tu. Langu nililing'oa mwenyewe, na niko sawa."

"Asubuhi ulikuwa unanyoosha misumari na hilo," alisema Chepchirchir. "Kesho twende kwa Wasike."

Wasike, jirani yao, alikuwa dresa, msaidizi wa tabibu, katika dispensari. Alikuwa amefunzwa kung'oa meno. Asubuhi walimkuta kazini, na Chepchirchir akamweleza habari ya koleo la Kosgei. Aliangalia mdomo wa Chepchirchir, kisha akatoa gego la zamani kwenye chupa.

"Tazameni. Hapa juu ndipo tunapopaona mdomoni. Ni kichwa cha jino. Hapa pembamba ni shingo, na fizi huishia hapa. Huku chini ni mizizi. Gego la chini lina mizizi miwili, nayo imekaa ndani ya mfupa wa taya."

"Miwili?" aliuliza Kosgei.

"Miwili. Koleo la karakana hubana kichwa. Kichwa huvunjika, mizizi hubaki ndani na kuoza."

Kosgei alikohoa, akatazama dirishani.

Wasike alitoa koleo lake kwenye chombo cha maji yaliyochemka. "Hili midomo yake imepindwa. Hupita chini ya fizi na kushika shingo. Nalo limechemshwa, halina uchafu."

Alimchoma Chepchirchir sindano ya ganzi, wakangoja. Mdomo ulipokufa ganzi, alikishusha kiti mpaka kidevu cha Chepchirchir kikawa sawa na kiwiko chake.

"Kwa jino la chini, mgonjwa hukaa chini," alieleza. "Hivyo nasukuma vizuri bila kuinama."

Alisimama mbele yake, upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulishika taya lisitikisike. Alisukuma koleo chini, akalitikisa jino polepole, upande wa shavu, upande wa ulimi. Likatoka.

"Utaanza lini?" Chepchirchir aliuliza.

Wasike alimwonyesha gego lake. Mizizi yote miwili ilikuwa mizima.

Kosgei alisogea karibu. "Dresa, mtu akibakiwa na mzizi wa jino la juu, unaweza kutoka?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Chepchirchir alimgeukia mume wake. Miaka miwili alikuwa akimwona akitafuna upande mmoja, naye alidhani ni mazoea.

"Kaa kitini, Baba Zeddy," alisema, pamba ikiwa mdomoni.

Safari hii Wasike alikiinua kiti na kukilaza nyuma, mpaka mdomo wa Kosgei ukakaribia bega lake. Baada ya sindano, alitumia chuma chembamba chenye ncha bapa kuunyanyua ule mzizi.

"Umeni pamba nusu saa," aliwaambia wote wawili. "Leo msisukutue, wala msivute tumbaku. Kesho sukutueni kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Damu isipokoma, rudini."

Njiani walikutana na Nanyama, mchumaji mwenzake Chepchirchir. Aliwasalimia. Waliinamisha vichwa tu, midomo imefungwa.

"Mmekosana?" Nanyama aliuliza.

Kosgei alianza kutikisika kwa kicheko. Chepchirchir naye akamshika mkono, akicheka bila kufungua mdomo. Nanyama akaenda zake akishangaa.

Baada ya wiki mbili vidonda vilikuwa vimefunga. Chepchirchir alilala usiku kucha. Jumapili walichoma mbavu za mbuzi, na Kosgei akatafuna kwa upande ule aliokuwa ameuacha.

"Kumbe nilikuwa nakula nusu chakula," alisema.

Chepchirchir akamwekea ubavu mwingine.