Nyufa Zote, Ufa Mmoja

"Chumvi imeisha dukani."

Sindano alikata simu. Kwa lugha ya idara ya usalama, maana yake kuna mtu anaiba nyaraka za serikali. Na duka ni chumba cha kumbukumbu za umma, pale raia yeyote anapokaa kwenye kompyuta na kutafuta ripoti aitakayo bila kumpigia mtu magoti.

Saa sita mchana wakubwa wangeketi kuamua kama bwawa jipya lijazwe. Bondeni chini yake kulikuwa na nyumba mia nne. Moja ilikuwa ya shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

Sindano aliingia saa sita kasorobo, bastola ya Glock kiunoni, kifaa cha mawasiliano sikioni.

Mtunza kumbukumbu, mama wa makamo, alikuwa anatetemeka. "Jana niliandika 'nyufa', zikaja ripoti kumi na moja za ukuta wa bwawa. Leo hebu jaribu."

Sindano akaandika.

Hakuna matokeo.

"Na za karatasi?"

"Alizichukua Mtaalamu. Eti akazipige picha."

Nyuma ya kioo alikaa Mtaalamu, mgeni aliyeletwa kutoka ng'ambo kutengeneza mtambo wa kutafutia. Kiswahili chake kimenyooka, kimepigwa pasi. Akatabasamu, akapunga mkono.

Sindano hakumwamini. Wala mama hakumwamini. Nywila ya kufutia walikuwa nayo wawili hao tu, na anayetetemeka si lazima awe mwema.

Sikioni, bosi: "Una ushahidi?"

"Sina."

"Basi huna kitu."

Simu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu, nihame nisihame?"

"Subiri kidogo, shangazi."

"Nisubiri maji yanifike shingoni? Wakubwa wenu hawasikii! Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofunzwa, na hawa ukuta wenyewe ndio..."

"Shangazi! Hapo hapo. Asante!"

Vidole vikarudi kwenye kibodi. *Ufa.*

Matokeo: 1.

Ripoti ya mkaguzi fulani, mtu wa maneno machache. *Ufa mmoja. Mita tisa. Mkono unaingia. Msijaze.*

"Haki ya Mungu!" mama akanong'ona. "Kafuta kila penye 'nyufa'. Hakujua ukiwa mmoja unaitwaje!"

Sindano akamtazama, moyo ukatulia. Mama huyu asingesahau ufa hata usingizini. Kosa hili ni la mtu aliyejifunza lugha kwa orodha.

Akabonyeza. Ripoti ikaenda kwa bosi, ikaenda mezani kwa wakubwa.

Mlango wa kioo ukafunguka. Mtaalamu hakutabasamu tena. Mkononi bastola.

"Irudishe hiyo barua pepe."

"Barua pepe hairudi, bwana. Ungekuwa mtaalamu ungejua."

Sindano akapiga teke kiti cha magurudumu. Kikamkumba Mtaalamu magotini, akaanguka. Risasi ikatoboa dari. Kabla hajainuka, mama alikuwa amemkalia mgongoni, na mama hakuwa mwepesi.

Pingu. Klik.

"Wameisoma," bosi akasema sikioni. "Bwawa halijazwi. Waliomtuma tunawafuata sasa hivi."

Mtaalamu alihema sakafuni. "Haiwezekani. Nilifuta zote."

"Zote, ndiyo," Sindano akasema, akikung'uta vumbi la dari begani. "Ulibakiza mmoja."

Akamkabidhi kwa askari waliokuwa wakipanda ngazi, akatoka juani bila haraka, akibonyeza namba.

"Shangazi? Leo lala kwako."