Dirisha la Ta Pastory

"Heshima. Usikivu. Usafi. Ukweli."

Sauti zilipenya ukutani, nzito na za kuvuta, kama za wanafunzi wanaokariri jedwali la kuzidisha huku mawazo yao yako uwanjani. Evodia alizisikia akiwa ameinama jikoni, akimenya ndizi, moshi umemjaa machoni. Hakuhitaji saa. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na watumishi wa zahanati walikuwa wamesimama barazani kusoma maneno manne yaliyopakwa rangi ya bluu.

Nyumba yao ilipakana na zahanati hiyo, huku Buganguzi. Mama yake, Jovitha, alihamishiwa hapo mwezi wa kwanza kutoka Bukoba mjini, awe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati. Wiki ya kwanza tu aliwakalisha watumishi wake, wakachagua pamoja maadili manne ya kuwaongoza kazini. Aliyapaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, Evodia akimshikia kopo. Sasa ulikuwa mwezi wa sita. Shule zimefungwa, kahawa imeanza kuiva, na kila jioni mama alirudi nyumbani na neno lile lile.

"Wanayajua yote kwa moyo," alisema, akivua viatu kwa hasira. "Ila hayashuki ukutani."

Evodia alikuwa na miaka kumi na miwili. Alizaliwa na kukulia Kibeta, huko Bukoba mjini, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake. Aliona jambo hilo ni rahisi kabisa. Mtu akisoma neno kila siku na halifuati, aambiwe. Basi.

Asubuhi hiyo mama alimtuma ampelekee jirani bakuli la maharage. Jirani huyo aliitwa Ma Rosalina. "Ma" ndivyo Wahaya wanavyomtaja mwanamke kwa heshima, kama wanavyosema "Ta" kwa mwanamume. Alikuwa mjane mzee, mcheshi, aliyeishi peke yake nyuma ya migomba. Siku nyingine angemlaki Evodia mlangoni. Siku hiyo alimkuta amekaa sakafuni, juu ya nyasi laini zilizotandazwa, mguu wa kulia ameufunga kitambaa. Harufu ilimfikia kabla hajavuka kizingiti.

"Ma, mguu umefanya nini?"

"Nilijikata na jembe. Wiki ya tatu hii."

"Wiki tatu, na zahanati iko hapo juu? Kwa nini huendi?"

"Nimekwenda, mjukuu wangu. Mara mbili."

"Wakasemaje?"

"Yule kijana wa dirishani aliniuliza habari. Nikamjibu nzuri. Akaniuliza shida. Nikasema hakuna shida kubwa. Akaandika. Nikapimwa presha, nikaambiwa iko sawa, nikarudi."

Evodia aliweka bakuli chini. "Lakini una kidonda. Kwa nini hukusema?"

Ma Rosalina alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza kwa nini ng'ombe hana mabawa. "Mtu hajamaliza kunisalimia, nianze kumlilia? Tena hajaniangalia hata usoni, anaangalia daftari. Na nyuma yangu, kwenye benchi, amekaa mkwe wangu Kyaruzi. Nifunue mguu mbele ya mume wa binti yangu? Hapana, waitu, mjukuu wangu. Bora uoze."

Evodia aliyasikia maneno hayo, ila hakuyasikiliza. Alichosikia ni kitu kimoja tu: mara mbili. Damu ilimpanda.

"Twende sasa hivi," alisema. "Leo wataniona."

Kutoka pale hadi zahanati ni mwendo wa dakika kumi. Wao walitumia karibu saa nzima, Ma Rosalina akiegemea fimbo upande huu na bega la Evodia upande ule. Walipofika, benchi lilikuwa limejaa. Mwishoni alikuwa amekaa Kyaruzi, mtoto wake akikohoa mapajani. Alisimama kidogo, akamwamkia mama mkwe wake kwa macho yaliyotazama chini, akarudi kukaa.

Dirishani alikuwa karani wa mapokezi, Pastory, mtu wa Izimbya, aliyekaribia miaka arobaini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Foleni ilipokuwa ndefu aliandika kama anayefukuzwa, na foleni ilikuwa ndefu kila siku.

"Habari, bibi?" aliuliza, kalamu tayari.

"Nzuri, waitu. Namshukuru Mungu."

"Shida?"

"Hakuna shida kubwa, mwanangu."

Kalamu ilitembea. "Kaa hapo, utapimwa presha. Anayefuata."

Evodia hakuweza kuvumilia. Alijipenyeza hadi dirishani, akashika nondo zake mbili kwa mikono.

"Hana presha," alisema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Ana kidonda mguuni, kinanuka, kina wiki tatu. Na hii ni mara ya tatu unamwandika mzima. Hebu geuka usome ukuta, Ta Pastory. Herufi ni kubwa, hata mtoto wa chekechea anazisoma."

Watu wawili watatu walicheka. Mwanamke mmoja alijiziba pua, ingawa alikuwa mbali. Kyaruzi aligeuza uso kuelekea migomba, akaitazama kama hajawahi kuona mgomba tangu azaliwe. Ma Rosalina alivuta kitenge chake hadi kikafunika vidole vya miguu, akashika fimbo, akaanza kuondoka.

"Ma, ngoja. Sasa watakuhudumia."

Bibi hakusimama. Alipompita alisema kwa sauti ndogo, "Umenivua nguo mbele ya mkwe wangu." Kisha akakataa bega la Evodia, akashuka mteremko peke yake.

"Haya, mwalimu mkuu wa heshima," alisema Pastory kutoka dirishani. "Mgonjwa wako huyo anaondoka."

Evodia aliachia nondo za dirisha.

Mchana, mgonjwa wa mwisho alipoondoka, mama aliwaita wote barazani: Pastory, muuguzi Benadetha, na Evodia. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka chumba cha sindano.

"Pastory, ilikuwaje?"

Pastory alileta daftari, akalifungua. "Mfawidhi, tazama mwenyewe. Mara tatu nimemuuliza, mara tatu amesema hana shida. Niandike nini? Mimi si mganga wa kupiga ramli."

"Pastory hadanganyi," alisema Benadetha. "Wazee wanaficha."

"Hawafichi," alidakia Evodia. "Anaandika bila kuangalia mtu."

"Wewe nyamaza kwanza, zamu yako inakuja." Mama alipiga ukuta kwa kiganja. "Miezi sita tunasoma hapa. Nani ataniambia heshima ni nini?"

"Ni... kumheshimu mgonjwa," alisema Benadetha.

"Sikuulizi maana ya neno. Nauliza mkono wako unafanya nini. Pastory, pale dirishani, heshima inafanya nini?"

"Sijui, mfawidhi," alisema Pastory, akilifunga daftari.

"Na mimi sijui," alisema mama, na sauti yake ilichoka ghafla. "Niliwafundisha kuimba, nikadhani nimemaliza kazi. Yule mama nimempita mwenyewe kwenye benchi mara mbili. Nilimwona. Nikadhani anamsubiri mtu." Alimgeukia bintiye. "Wewe mwombe radhi Pastory."

"Lakini nilisema kweli, mama."

"Ulisema kweli. Ukachukua ukweli ukampigia nao heshima. Yote mawili yako kwenye ukuta ule ule. Na mgonjwa je, amepona kwa kelele zako?"

Machozi yalimchoma Evodia. Alikasirikia Pastory, akamkasirikia mama, na chini kabisa, mahali asipotaka kupachungulia, alijikasirikia mwenyewe. Kidonda kilikuwa bado kinaoza, na sasa mwenyewe hataki tena kuja. "Nisamehe, Ta Pastory," alisema. Maneno yalitoka yamekunjamana.

"Nimekusikia," Pastory alijibu, naye hakuwa ameyakunjua ya kwake.

Mama alichukua mkoba wa dawa na kipimo cha sukari, akamwachia Benadetha zahanati. "Twendeni kwake. Na tukifika," akamwambia Pastory, "wewe ndiye utakayezungumza."

Ma Rosalina aliwapokea kwa uso uliofungwa. Lakini mgeni ni mgeni. Aliwaonyesha pa kukaa, akawasogezea kikapu kidogo cha amwani, kahawa ya kutafuna ambayo Mhaya humpa kila anayeingia nyumbani kwake. Pastory alichukua punje mbili, akatia mdomoni. Hapakuwa na daftari, wala kalamu. Alikaa kwenye nyasi kama mtoto wa nyumba hiyo, akamwamkia bibi kwa Kihaya, polepole. Akauliza ameamkaje. Ameamka vizuri. Watoto wanaendeleaje? Wazima. Migomba je? Ina mnyauko kidogo. Na kahawa? Imezaa, ila hakuna wa kuchuma.

Evodia alikaa karibu na mlango, anatafuna ukucha. Mguu ule pale, unanuka, na mtu mzima anauliza migomba. Alitaka kupiga kelele. Mara mbili alivuta pumzi aseme, na mara mbili mama alimtazama.

Pastory hakuharakisha. Akamwangalia bibi usoni, akangoja.

Ma Rosalina aliufunua mguu mwenyewe. "Basi, mwanangu," alisema, "mguu huu unaniua. Usiku silali."

Pastory aliuangalia ule mguu, na uso wake ulibadilika rangi. Evodia alidhani ni harufu. Haikuwa harufu.

"Nilikuuliza habari," alisema taratibu, "nawe ukanijibu salamu. Mama yangu kule Izimbya angejibu vivyo hivyo. Hata akiwa anakufa angeniambia ni mzima, mpaka amalize kuuliza hali ya watoto wangu. Nimelijua hilo tangu utoto. Nikikaa dirishani nalisahau."

Mama alipima sukari. Ilikuwa juu sana. Ma Rosalina alikuwa na kisukari bila kujua, na ndiyo sababu kidonda hakikufunga. Mama alikisafisha, akakifunga, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Kabla ya jua kuzama bibi alikuwa njiani kwenda hospitali mjini Bukoba, na Kyaruzi ndiye aliyekaa pembeni yake kumsindikiza, macho dirishani muda wote.

Walimkata vidole viwili. Habari hiyo ilifika zahanati kwa simu. Daktari alikuwa ameongeza kwamba kwa wiki moja zaidi wangekata mguu.

Siku iliyofuata Pastory alikuja kazini mapema, akaanza kutoa maboksi katika stoo ndogo iliyo karibu na mapokezi. "Mfawidhi, uliniuliza mkono unafanya nini," alisema, jasho likimtoka. "Mkono unafungua mlango. Natoka dirishani, namsalimia mgonjwa huku nimesimama. Salamu ziishe. Kisha namleta humu, peke yake, pasipo na mkwe wala jirani, ndipo namuuliza kilichomleta. Kalamu inakuja mwisho." Benadetha alishona pazia la mlango huo. Mama naye alijiwekea kazi ya kupita kwenye benchi kila saa na kuzungumza na kila aliyekaa.

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza foleni ilichelewa na watu walinung'unika. Pastory alisahau mara kadhaa, akajikuta anaandika kabla ya kuinua macho, na Benadetha akamchokoza: "Ta Pastory, umesalimia au umesajili gari?" Naye alipomkuta Benadetha anamwita mgonjwa kwa namba, alimrudishia uchokozi huo na nyongeza. Mama alirudi nyumbani amechoka vile vile. Lakini siku moja alivua viatu bila kuvitupa, na Evodia akaona hilo ni jambo kubwa.

Ma Rosalina alirudi mwanzoni mwa mwezi wa saba, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Mama, Pastory na Evodia walikwenda kumjulia hali. Walipoanza kuukaribia mlango, Evodia alipunguza mwendo.

"Unaogopa?" mama aliuliza.

"Hatataka kuniona."

"Huenda. Ingia hivyo hivyo." Mama alimshika bega. "Sikia, Evodia. Hasira yako ilikuwa na haki, wala sitaki uipoteze. Mtu asiyekasirika akiona jirani anaoza mguu, huyo ana ugonjwa mbaya kuliko kisukari. Lakini jambo jema halianzi kwa kumwonyesha mwenzako kidole. Linaanza kwa kazi ndogo ya mikono yako mwenyewe, leo, na kesho uirudie, hata pale ambapo hakuna anayekutazama. Mimi nimelijifunza nikiwa na nywele za mvi. Wewe lijifunze sasa."

Ndani, Ma Rosalina alikuwa amekaa kitini, mguu umefungwa bandeji nyeupe. Alipokea salamu za mama, akapokea za Pastory, akamtania kwamba siku hizi amekuwa na maneno mengi kuliko mchungaji wa usharika. Kisha akamgeukia Evodia. Hakutabasamu.

"Na wewe, mwenye sauti ya kengele?"

Evodia alipiga magoti mbele yake, akamwamkia. Akamuuliza ameamkaje, watoto wanaendeleaje, kahawa imechumwa na nani. Alingoja kila jibu mpaka likaisha. Hakuukimbiza ulimi.

"Ma," alisema mwishowe, "nilichukua siri yako nikaitangaza barazani. Nisamehe. Nikiona tena mtu anaonewa sitanyamaza, siwezi kukudanganya. Ila nitamsikiliza kwanza mwenye maumivu, nimuulize anataka lisemwe vipi, na wapi, na mbele ya nani. Na yule aliyekosea nitamfuata mwenyewe, nimwambie yeye peke yake. Hilo nakuahidi, Ma, mbele ya mama, na mbele ya Ta Pastory."