Ulimi wa Mwadhini

Jafari aliinua kidole cha kushoto kabla pamba haijamgusa.

Mkewe Madina, aliyeishika ile pamba, alidhani ni macho yake tu. Alikuwa ameshinda sokoni Tshopo akiuza samaki wa moshi, akarudi kuponda ndizi laini, maana mumewe akila kigumu alijing'ata ulimi bila kujua. Gego lake la mwisho liling'olewa vibaya, mshipa wa fahamu ukakatika, ulimi ukafa ganzi upande wa kushoto. Daktari aliuunga mshipa, kisha akamfundisha Madina kupima: mgonjwa afumbe macho, atoe ulimi, aguswe kwa pamba na kwa ncha ya kijiti. Akisikia kulia ainue kidole cha kulia, akisikia kushoto cha kushoto. Hisia zikirudi, na maneno yatanyooka. Roho ya Jafari ilikuwa hapo. Alikuwa mwadhini, na tangu ulimi uwe mzito adhana ilisomwa na mwingine, naye akisali nyumbani kwa aibu.

Umeme haukuwepo, ingawa bwawa la kuuzalisha liko pua na mdomo na nyumba yao. Basi walipimia mlangoni, kwa mwanga wa mwisho wa jua, na hilo ndilo kosa. Mtoto yeyote wa Kiislamu angewaambia kwamba magharibi mtu haachi kinywa wazi kizingitini, jini asije akaingia. Lakini aliyechoka hukumbuka godoro tu.

"Papa Aïcha, sijakugusa bado," Madina alinong'ona.

"Nimesikia. Ile kitu iko baridi."

Siku zilizofuata kushoto kulizidi kuamka, na Madina alifurahi, kusema kweli. Ila kulia, kulikokuwa kuzima, kulianza kufa. Tena Jafari akawa anaonja visivyokuwepo. "Émilie ametia chumvi mingi kwa pondu," alisema, na Madina alipovuka barabara kumuuliza jirani huyo habari za kisamvu chake, ilikuwa kweli. Halafu jioni moja, alipomchoma kidogo kwa kijiti, uso wa Jafari ulibaki umetulia kama wa aliyelala, lakini ulimi ukajivuta wenyewe, ukajikunja, ukarudi polepole mpaka kwenye ncha, ukaipapasa kama unaotaka kujua ni ya nani, na harufu ya tope la mto ikajaa mlangoni, na kutoka ndani ya kinywa kile, midomo haijatikisika, sauti nyembamba ikasema, "Mama, usinichome tena."

Kesho yake mchana Madina akamleta tante Karima, shangazi yake Jafari, anayejua kombe. Mama huyo aliandika aya kwa zafarani sahanini, akaziosha kwa maji, akayamimina kikombeni.

"Anywe leo, mbele ya magharibi. Ile kitu itatoka. Lakini ile kusikia ya kushoto itaenda nayo, sababu haiko yake."

"Na adhana?"

"Hiyo sijui, mutoto yangu. Usichelewe tu."

Madina alikifunika kikombe. Uani Jafari alikuwa akijaribu maneno ya adhana, na kwa mara ya kwanza yalitoka yamenyooka, naye akitabasamu. Madina alimhurumia. Alijihurumia na mwenyewe pia: ndizi za kuponda, foronya zenye damu za kufua kila asubuhi.

"Bon, atakunywa kesho," alijiambia. "Aite mara moja tu."

Jua lilipokaribia kuzama, Jafari alivaa kanzu, akasema anaenda msikitini. Madina alikuwa jikoni kwenye makaa adhana ilipoanza. Ilikuwa sauti ya mumewe, tamu kama zamani. Machozi ya furaha yalimtoka.

"Mama Aïcha," Émilie aliita kutoka ng'ambo, "papa amepona."

Madina alipita ndani aende kumjibu. Jafari alikuwa ameketi mlangoni, macho amefumba, kinywa wazi, akingoja kupimwa. Nje adhana ilikuwa ikiendelea, kwa sauti yake ile ile.

Alichukua pamba na kijiti, akamgusa kulia, akamgusa kushoto, akamchoma. Hakuna kidole kilichoinuka. Alikimbilia kikombe, akammiminia kombe lote. Maji yalimtoka pembeni mwa kinywa, yakalowesha kanzu, kwa kuwa ulimi haukujua kwamba kuna maji.